Jiwe la Mjomba: Safari ya Temeke na Kinondoni

Wengi wetu tunaokaa vijijini tukienda Dar es Salaam huenda kwa mambo matatu: kutibiwa, kumwona ndugu, au kudai haki. Mimi nalikwenda kwa ajili ya jiwe. Halikuwa langu, lilikuwa la mjomba wangu, ndugu wa mama. Nawaandikia habari za safari ile kwa sababu najua kuwa katika vijiji vyetu yako mawe mengine kama lile, yamefungwa katika vitambaa na kufichwa chini ya vitanda, na wenye nyumba hawalali usingizi kwa ajili yake.

Kijiji chetu kiko chini ya milima ya Mahenge, Wilaya ya Ulanga. Mjomba alikuwa akichimba shimo la choo, akafika kwenye mwamba mweusi, na katika mwamba ule akakuta jiwe la manjano linalong'aa kama kitasa kipya cha mlango. Alilifuta weusi wake kwa shati, akalificha, akanyamaza. Lakini siri ya namna hiyo haikai. Baada ya wiki mbili alikuja mtu aliyevaa vizuri, akalitazama jiwe juani, akasema, "Mzee, hii ni dhahabu. Nusu kilo hii ni utajiri." Kisha akaeleza kwamba bosi wake yuko Kinondoni, naye yuko tayari kununua, ila mwenye jiwe lazima atangulize shilingi 1,800,000 za kupimisha na za leseni.

Mjomba hakuwa na fedha hizo. Alikuwa na ekari mbili za mpunga. Mnunuzi wa shamba alikwisha kupatikana, na alikwisha kutoa shilingi laki tatu za kutangulia. Shangazi, yaani mke wa mjomba, ndiye aliyekuja kwangu jioni akilia. Nalikwenda kwa mjomba, nikamwamkia, nikamwambia, "Mjomba, jiwe halina miguu. Kabla ya shamba kuondoka, twende sote mjini tulijue kwanza ni jiwe gani." Alifikiri kwa muda mrefu. Hata akasema, "Haya, mpwa wangu. Lakini jiwe nalibeba mwenyewe."

Tuliondoka alfajiri. Tulivuka Mto Kilombero kwa daraja, tukapita Ifakara, Mikumi na Morogoro, na usiku tukashuka katika kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Njia nzima mjomba hakuuachia mfuko wake, hata wakati wa kula. Kutoka Mbezi tulipanda daladala mpaka Temeke, kwa dada yangu anayekaa Tandika pamoja na mumewe na watoto wanne.

Mgeni anayeujua mji kwa majumba marefu ya Posta, akifika Temeke hudhani amefika mji mwingine. Nyumba zimebanana, mabati yamegusana, na mbele ya kila nyumba kuna biashara: mkaa, vitumbua, dagaa, ndoo za maji. Watu wengi wa pale wametoka vijijini kama sisi, na ukisikiliza utazisikia lugha za Lindi, za Mtwara, za Songea na za Ulanga. Dada alitupokea vizuri. Mjomba alilala na jiwe chini ya mto.

Siku ya pili shemeji, ambaye ni fundi wa redio na spika, alitupeleka Kigamboni. Zamani Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke, sasa ni wilaya peke yake. Tulivuka kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, tukaenda mpaka ufukweni. Mjomba alikuwa hajapata kuiona bahari. Alisimama kimya, kisha akainama kuutazama mchanga, maana mtu mwenye jiwe mfukoni hutazama chini daima.

"Mbona mchanga huu una michirizi myeusi?" akauliza. "Wamemwaga mkaa?"

Shemeji akacheka, akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, akaifunga katika mfuko wa plastiki na kuipitisha juu ya mchanga. Chembe nyeusi ziliruka na kushikamana nayo kama nywele, na mchanga mweupe ukabaki. Hili lilikuwa somo letu la kwanza. Chembe zile nyeusi zina chuma ndani yake. Zinazorukia sumaku kwa nguvu huitwa magnetaiti. Nyingine ziitwazo ilmenaiti huvutwa kwa unyonge. Mawimbi huzikusanya pamoja kwa sababu ni nzito: maji yakirudi baharini huchukua mchanga mwepesi na kuacha mzito. Ni kazi ile ile anayoifanya mama apepetapo mchele kwa ungo. Huko huko Kigamboni, mahali paitwapo Fungoni, wataalamu wamepima mchanga mzito wenye ilmenaiti na zirikoni. Ilmenaiti hutumika kufanya rangi nyeupe ya kupaka nyumba, na zirikoni hutumika katika vigae na vyombo vya udongo.

Mjomba alichukua sumaku akaigusisha jiwe lake. Halikushika. Akafurahi. "Dhahabu haivutwi na sumaku," akasema. Ni kweli haivutwi. Lakini nalimwambia kwamba shaba haivutwi, na hata muhogo hauvutwi. Ushahidi mmoja haufungi kesi.

Siku ya tatu tulikwenda Wilaya ya Kinondoni, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Huko Tegeta anakaa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, sasa anafundisha sayansi. Njiani tulishuka Kunduchi Mtongani. Pale utaona mashimo makubwa ya mawe meupe, na kando yake wanawake na vijana wameketi chini ya vivuli vya magunia, wakigonga mawe kwa nyundo mpaka yawe kokoto za kujengea. Ni kazi ya jua na vumbi, na kipande kidogo kikiruka kinaweza kumtoa mtu jicho. Mama mmoja alitupa vipande viwili bila kutaka fedha.

Mwalimu alitupokea nyumbani kwake, akatupeleka nje mahali panapoonekana kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Alimwamkia mjomba kwa heshima, akaketi naye mkekani, wala hakuliomba jiwe. Alianza na kipande cha Mtongani.

"Mzee, likwaruze hilo kwa msumari."

Mjomba akakwaruza, na jiwe likaacha mfereji mweupe. Mwalimu akakusanya ule unga, akadondoshea siki ya jikoni. Unga ukachemka na kutoa mapovu bila moto. "Hili ni jiwe la chokaa," akasema. "Zamani sana hapa tulipo palikuwa bahari, na kilima hiki ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Wazee wa Pwani walijengea misikiti na makaburi yao kwa mawe ya namna hii, na magofu yako hapo Kunduchi hata leo. Kiwandani huyasaga mawe haya pamoja na udongo, na kuyachoma katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha huongeza jasi kidogo na kusaga tena. Ndiyo saruji. Haling'ai hata kidogo, lakini nusu ya mji huu umesimama juu yake."

Halafu akaleta boksi la viatu, ambalo ndani yake alikuwa na mawe ya kufundishia. Nitawaeleza kwa utaratibu aliyotuonyesha, maana mtu yeyote anaweza kuyafanya nyumbani kwake.

La kwanza ni rangi, nayo ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Kwatzi, lile jiwe gumu la mawemawe ya mtoni, linaweza kuwa jeupe, la waridi, la zambarau au jeusi, na bado ni kwatzi. Kwa hiyo usihukumu kwa rangi ya nje.

La pili ni rangi ya unga. Chukua kigae cha ukutani, geuza upande wa nyuma usiokuwa laini, ulisugue jiwe juu yake. Jiwe linaweza kudanganya kwa ngozi yake, lakini unga wake husema kweli. Dhahabu huacha mstari wa manjano.

La tatu ni ugumu. Mjerumani mmoja aliyeitwa Friedrich Mohs alipanga mwaka 1812 ngazi ya madini kumi, kila moja likimkwaruza aliye chini yake. Chini kabisa ni ulanga laini unaosagwa kuwa poda, na juu kabisa, namba 10, ni almasi. Kwatzi ni namba 7. Sisi tusio na madini hayo tunatumia vitu vya nyumbani: ukucha ni kama 2 na nusu, waya wa shaba ni 3, kioo cha dirisha ni 5 na nusu. Jasi hukwaruzwa kwa ukucha. Jiwe la chokaa halikwaruzwi kwa ukucha lakini hukwaruzwa kwa msumari. Kwatzi hukikwaruza kioo. Dhahabu ni laini, kati ya 2 na nusu na 3. Haiwezi kukikwaruza kioo hata kidogo.

La nne ni namna jiwe linavyovunjika. Alitoa kipande cha madini yanayopasuka karatasi karatasi kama kitunguu, na kila karatasi inapitisha mwanga. Hayo nayo tunayaita ulanga, jina lile lile la wilaya yetu, na mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kwatzi halipasuki hivyo; huvunjika kama chupa. Dhahabu haivunjiki kabisa: ukiigonga kwa nyundo hubonyea na kutanuka kama chapati.

La tano ni uzito ukilinganishwa na maji, nalo nitalieleza baadaye.

Mwalimu alipomaliza alinyamaza. Hakuna aliyemwambia mjomba afungue mfuko. Alikaa kidogo akitazama moshi wa kiwanda, kisha akafungua kitambaa mwenyewe.

Kwanza tulilitazama kwa karibu. Lilikuwa na pande bapa kama dadu, zenye mistari myembamba kama iliyochorwa kwa wembe. Mwalimu hakusema neno. Mjomba akalichukua mwenyewe, akalisugua nyuma ya kigae. Mstari uliotokea haukuwa wa manjano. Ulikuwa mweusi wenye ukijani kidogo, kama masizi ya sufuria.

"Labda ni uchafu," akasema mjomba. Akaliosha, akasugua tena. Mweusi.

Akachukua kipande cha kioo, akalipitisha jiwe juu yake. Kioo kilitoa sauti kali na kubaki na alama isiyofutika. Mwalimu akaleta nyundo, akaiweka mkekani, akasema kwa upole, "Mzee, jiwe ni lako. Ukitaka, piga ncha ndogo tu." Mjomba akapiga. Ncha ile haikubonyea. Ilipasuka vipande vipande na cheche ikaruka, nasi tukasikia harufu ya kiberiti.

"Linaitwa pairiti," akasema mwalimu. "Ni chuma na kiberiti vilivyoshikana. Wazungu wameliita dhahabu ya wajinga, lakini mimi silipendi jina hilo, kwa maana limewadanganya hata mabaharia na maofisa wenye vyeo, waliojaza meli zao wakalivusha bahari. Si ujinga kutojua. Hasara ni kulipa kabla ya kujua."

Mjomba hakujibu. Katika daladala ya kurudi Temeke aliketi dirishani, na nalidhani yamekwisha. Lakini tulipofika nyumbani alisema, "Lile la uzito hamjanionyesha." Nikafahamu kwamba bado analo tumaini moja, na si vema kumnyang'anya mtu tumaini lake kwa maneno matupu.

Basi shemeji akaazima kwa jirani mizani ndogo ya kuning'iniza. Tulilifunga jiwe kwa uzi: gramu 500. Kisha tukalitumbukiza ndani ya ndoo ya maji lingali likining'inia, bila kugusa ukuta wala chini ya ndoo. Mizani ikasoma gramu 400. Watoto wote wanne walikuwa wamezunguka ndoo.

Hesabu yake ni nyepesi. Ndani ya maji jiwe limepungua gramu 100, na huo ndio uzito wa maji yaliyojaa nafasi yake. Gawanya 500 kwa 100, unapata 5. Yaani jiwe lile ni zito mara tano kuliko maji. Kwatzi ni mara 2.65 hivi. Pairiti ni mara 5. Dhahabu safi ni zaidi ya mara 19. Kama lingekuwa dhahabu, lingepungua gramu 26 tu majini.

Mjomba aliirudia hesabu ile kwa vidole vyake, taratibu. Mtu aliyeuza mpunga miaka thelathini hadanganywi mbele ya mizani. Mwishowe akasema, "Mizani haina hila," akaenda kunawa.

Yako mambo mawili ambayo mwalimu alituonya, nami sina haki ya kuyaacha. La kwanza: majaribio haya ya nyumbani hukuambia jiwe ni la namna gani, lakini hayawezi kukuonyesha kila kilichofichika ndani. Mara nyingine pairiti hubeba chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho. Kujua hilo ni kazi ya maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma. La pili: usionje jiwe usilolijua, usilichome moto ndani ya nyumba, wala usicheze na maji ya betri ya gari; siki inatosha.

Na leseni? Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Taifa, hata yakiwa chini ya choo chako. Mwenye shamba ana haki zake, na fidia yake, lakini atakaye kuchimba na kuuza lazima apate leseni kutoka Tume ya Madini. Leseni hulipiwa serikalini na kutolewa risiti. Haipatikani mkononi mwa mtu mwenye bosi hotelini. Tena tangu mwaka 2019 yako masoko ya madini katika mikoa, ambamo jiwe hupimwa mbele ya mwenyewe. Mnakumbuka habari za Saniniu Laizer wa Mererani, mchimbaji mdogo aliyeiuzia Serikali mwezi Juni 2020 mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7 na zaidi. Alikuwa na leseni yake, na mawe yake yalipimwa hadharani.

Kesho yake asubuhi yule mtu alipiga simu kuuliza kama fedha zimepatikana. Mjomba alimjibu kwa adabu kamili: "Ndugu yangu, njoo Tandika. Ninacho kigae, kioo na nyundo. Tulipime pamoja, kisha tuzungumze fedha." Mtu yule akasema ana mgeni, atapiga baadaye. Hakupiga tena, na tulipompigia hakupatikana.

Tuliporudi nyumbani mjomba alirudisha zile laki tatu. Alikuwa ametumia elfu sitini katika safari, akauza mbuzi kuzilipa. Shamba limebaki. Shangazi hakusema mengi; alimwekea maji ya kuoga na kumpikia wali wa mpunga wao wenyewe.

Baada ya siku chache mjomba aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na lile shati alilofutia jiwe siku ya kwanza, lenye doa jeusi ambalo sabuni imeshindwa kulitoa. "Mpwa wangu, katika boksi la mwalimu palikuwa na jiwe jeusi, laini, lenye utelezi kama mafuta, linaandika juu ya karatasi. Aliliitaje?"

"Kinywe, mjomba. Ndilo lililo ndani ya penseli, na siku hizi linatakiwa kwa betri za magari ya umeme. Milima yetu ya Mahenge inajulikana kwa kinywe."

Akanionyesha kipande cha ule mwamba mweusi wa shimoni. Alikwisha kukikwaruza kwa ukucha, nacho kilikwaruzika. Alikwisha kuandika nacho ukutani mwa jiko, kwa herufi kubwa, jina la mjukuu wake.

Sikumwambia kwamba amekuwa tajiri, kwa maana si kweli. Kinywe hakina faida kwa debe moja. Huhitaji mlima, mitambo na leseni, na huenda mwamba wake ni mwembamba kama mkeka. Nalimwambia ampelekee ofisa wa madini kipande kimoja, aandikishe mahali kilipotoka, na amalize choo chake.

Choo kimekwisha. Lile jiwe la manjano liko juu ya dirisha la nyumba yake, pamoja na kipande cha kigae, na watoto wa jirani wakija huwaambia walisugue waone wenyewe rangi ya unga wake. Nawe, msomaji mpenzi, kama liko jiwe chini ya kitanda chako, litoe mchana huu. Kigae, kioo, nyundo na ndoo ya maji ni vitu vya nyumbani. Shamba likishauzwa, halirudi.